Kung'amua Maandishi Yaliyofumbwa

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa Serikali, katika mkutano wa wanafunzi wa zamani hapa Unyambwa)



Kamati ya maandalizi iliniandikia kuniomba nizungumze juu ya "kazi za ofisini". Naishukuru kwa heshima hiyo. Lakini nawajua wanafunzi, maana nimekuwa mmoja wao, na najua kwamba hotuba juu ya kazi za ofisini ingewalaza nusu yenu kabla ya saa sita. Kwa hiyo nimemwomba Mwenyekiti ruhusa nichague jambo moja tu, dogo kuliko mengi ninayoyashughulikia, nalo ni kile kialama kilichomo katika neno ng'ombe. Wengine hukiita koma ya juu, wengine ritifaa. Kina uzito wa vumbi, lakini nimekiona kikimnyima mtu mshahara.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja ofisini kwetu dada mmoja, muuguzi, ambaye jina la ukoo wake linaanza na Ng'. Alikuwa amekwisha kufanya kazi miezi mitatu katika zahanati ya kijijini bila kupata senti. Idara iliyomwajiri ilikuwa na jina lake. Idara iliyopaswa kumlipa, ambayo sitaitaja, ilisema mtu huyo haonekani katika orodha. Alipouliza afanye nini, aliambiwa alete hati ya kiapo mbele ya hakimu kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Nauli ya kwenda mjini na kurudi alikuwa akiikopa kwa mwenye duka.

Niliomba nione orodha zote mbili, na si zile zilizochapwa kwenye karatasi, bali mafaili yenyewe ya kompyuta. Katika faili la kwanza jina lake lilikuwa sawasawa. Katika faili la pili, baada ya Ng zilifuata alama tatu za ajabu, hivi: Ngâ€™. Mwenzangu mmoja akasema, "Hili faili limeharibika. Futa hizo takataka, tuandike upya." Nikamwambia angoje kwanza. Hapakuwa na kitu kilichoharibika pale. Maandishi yalikuwa mazima kabisa, ila yalikuwa yamefumbwa kwa mkataba mmoja na kusomwa kwa mkataba mwingine.

Naomba nieleze maana ya maneno hayo, na wale walioacha hisabati kidato cha pili wasiogope.

Kompyuta haijui herufi. Inajua namba peke yake. Kila maandishi tunayoyaona kwenye kioo chake ni mtungo wa namba, kama shanga katika uzi, na kila shanga huitwa baiti, nayo yaweza kuwa namba yoyote kuanzia 0 hadi 255. Ili namba zigeuke kuwa herufi hapana budi pawepo jedwali, yaani makubaliano ya watu kwamba namba fulani ni herufi fulani. Mwaka 1963 Wamarekani walitoa jedwali lao linaloitwa ASCII, lenye nafasi 128. Humo M kubwa ni 77, a ndogo ni 97, n ni 110, g ni 103, na kialama chetu ni 39. Kwa hiyo jina la Mang'onyi, kata ya jirani zetu wa Ikungi, linakuwa hivi:

77 97 110 103 39 111 110 121 105

Baiti 9 kwa alama 9. Mnaona kwamba kialama kina shanga yake sawa na herufi nyingine zote. Kompyuta haikidharau, tunaokidharau ni sisi.

Lugha yetu ilibahatika. Waliotengeneza jedwali lile hawakuwa na habari na Kiswahili, lakini kwa kuwa Kiswahili sanifu hakitumii herufi zenye vitone wala mikia, chote kiliingia. Majirani zetu hawakupata bahati hiyo. Mtazameni mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya, aliyefariki mwaka 2025. Jina lake la kwanza lina u na i zenye kiwimbi juu, herufi za Kikikuyu ambazo ASCII haina. Mahali pengine ameandikwa Ngugi, na mahali pengine, kwa kosa la aina ile ile iliyompata dada yetu, ameandikwa NgÅ©gÄ©.

Serikali yetu ilipata kompyuta ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 ikapiga marufuku kuziingiza nchini bila kibali, na wazee waliopo hapa wanakumbuka. Sitaki kuingia katika mjadala kama uamuzi ule ulikuwa wa busara au la. Nataka mwone tu kwamba wakati majedwali haya yanaandikwa, sisi hatukuwa mezani, na kila nchi iliyokuwa mezani ilijitengenezea jedwali lake. Namba 128 na kuendelea hadi 255 zilikuwa shamba lisilo na mwenyewe. Kila kampuni na kila nchi ilipanda humo ilichotaka. Jedwali la Windows la Ulaya Magharibi, kwa mfano, liliweka â kwenye 226, alama ya fedha ya Ulaya kwenye 128, na kile kifupisho cha ™ kwenye 153. Zikumbukeni namba hizo tatu.

Fujo hiyo ndiyo iliyozaa Unicode, jedwali moja la lugha zote za dunia, ambalo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991. Mwaka uliofuata Ken Thompson na Rob Pike wakabuni namna ya kuziandika namba kubwa za jedwali hilo kwa baiti za kawaida, namna iitwayo UTF-8. Uzuri wake ni huu: herufi za ASCII zinabaki na baiti moja moja kama zamani, na zile za nje ya ASCII zinachukua baiti mbili, tatu au nne. Leo karibu maandishi yote ya intaneti yanatumia UTF-8.

Sasa turudi kwa muuguzi wetu. Yule aliyepiga jina lake mara ya kwanza alitumia programu ya kuandikia barua, na programu hizo zina tabia ya kujipendekeza: ukibonyeza koma ya juu iliyosimama wima, zenyewe zinaipinda ili ipendeze. Ile iliyopindwa si namba 39 tena. Ni alama nyingine, iliyo nje ya ASCII, na katika UTF-8 inaandikwa kwa baiti tatu: 226, 128, 153. Faili likasafiri hivyo hadi idara ya pili. Kule programu ikaambiwa, au ikadhani, kwamba linasomwa kwa jedwali la Windows. Ikachukua kila baiti kama herufi kamili, ikaona 226 ikaandika â, ikaona 128, ikaona 153, na huyo dada yetu akatoweka Serikalini.

Katika lugha ya programu iitwayo Python, ambayo naona mwalimu wa kompyuta ameiandika ubaoni, tiba yake ni mstari mmoja. Unaifumba tena kwa jedwali lile lililokosea, ili upate baiti zilezile za mwanzo, kisha unaing'amua kwa jedwali la haki:

jina.encode("cp1252").decode("utf-8")

Neno encode ni kufumba, kutoka herufi kwenda baiti. Neno decode ni kung'amua, kutoka baiti kwenda herufi. Wahenga walikwisha kuyaweka maneno hayo mawili pamoja waliposema fumbo mfumbe mjinga, mwerevu hung'amua, na kila nyumba yenye televisheni leo ina king'amuzi. Python ya toleo la 3, iliyotoka mwaka 2008, imetenga kabisa vitu hivi viwili: mtungo wa baiti ni kitu kimoja na mtungo wa herufi ni kitu kingine, na ukijaribu kuviunganisha bila kusema umetumia jedwali gani, inakataa na kukugombeza. Vijana wengi hukasirika. Mimi naipenda kwa hilo, maana inakulazimisha ujibu swali ambalo idara ile haikujiuliza: baiti hizi zimefumbwa kwa jedwali gani? Baiti zenyewe hazikuambii. Hapana budi aliyezituma akuambie, au uchunguze mwenyewe.

Nilisema kuchunguza. Mkishazoea, uso wa kosa utawaonyesha chanzo chake, kama mfugaji anavyomtambua mnyama aliyepotea kwa alama ya sikio. Mkiona â€™ mahali pa koma ya juu, mjue ni UTF-8 iliyosomwa kama Windows. Mkiona Ã¢â‚¬â„¢, basi kosa hilohilo limetendeka mara mbili, na itabidi mlitibu mara mbili.

Lakini si kila vazi geni ni kosa. Mara nyingi maandishi hufumbwa makusudi, kwa sababu njia yanayopita haikubali kila alama. Anwani za intaneti hazipendi nafasi tupu wala alama nyingine kadhaa, kwa hiyo alama huvikwa asilimia na namba yake. Mang'onyi itakuja Mang%27onyi. Mtauliza, mbona 27 na si 39? Ni namba ileile, ila imehesabiwa kwa kumi na sita badala ya kumi: mbili mara kumi na sita ni 32, ongeza saba, unapata 39. Baada ya 9 wanaendelea na A, B, C, D, E na F, ndipo wanafika 10 yao, ambayo ni 16 yetu. Mtu anaweza kuifanya hesabu hii chini ya mwembe kwa kijiti, bila umeme. Katika kurasa za intaneti kialama hichohicho kitavaa ' na hapo namba imerudi kwenye kumi. Kwenye data zinazopelekwa kutoka mfumo mmoja hadi mwingine mtakuta \u2019, ambayo ndiyo ile iliyopindwa, kwa namba yake ya Unicode. Na barua pepe, ambazo tangu zamani zilizoea ASCII peke yake, hubeba viambatisho kwa namna iitwayo Base64. Humo Mang'onyi inakuwa TWFuZydvbnlp. Kwa macho hiyo ya mwisho inafanana na siri ya jeshi, kumbe haina siri hata chembe, mtoto yeyote mwenye Python ataifungua. Nasisitiza hilo kwa sababu nimewahi kuona nywila za watu zimehifadhiwa hivyo na mhusika akajigamba kwamba zimefichwa. Zilikuwa zimefungwa kwenye karatasi ya maandazi.

Kila vazi lina chombo chake cha kulivua, na Python inavyo vyote. Sitawachosha kwa majina yake. Nitasema mambo mawili tu yanayowapiga chenga hata watu wazima ofisini kwetu.

La kwanza ni mpangilio. Maandishi yakifumbwa mara mbili, lililovaliwa mwisho ndilo linalovuliwa kwanza, koti kabla ya shati. Mkikuta Mang%2527onyi msishangae: %25 ni alama ya asilimia yenyewe, kwa hiyo kuvua mara moja kunatoa Mang%27onyi, na kuvua mara ya pili kunatoa jina. Hata hivyo msiandike programu inayovua tu mpaka basi. Kuna maandishi ambayo mwenyewe alitaka yabaki na asilimia au na alama ya &, na ukiyavua mara moja zaidi ya yalivyovikwa, umeyabadilisha. Hesabu ya kuvua lazima ilingane na hesabu ya kuvika.

La pili ni hatari hasa. Kijana akikutana na \u2019 kwa mara ya kwanza, mara nyingi hugundua kwamba Python yenyewe hutumia alama hizo ndani ya programu zake, kwa hiyo huyachukua maandishi yaliyotoka nje na kuiamuru Python iyatekeleze kama programu. Kweli \u2019 inang'amuliwa. Lakini aliyetuma maandishi akiwa mwovu, amri zake nazo zitatekelezwa, akafuta faili au akaiba. Mgeni akikuletea barua unamsomea. Humkabidhi funguo za ghala eti kwa sababu barua ilikuwa ngumu kusoma. Kipo chombo cha kusoma tu, json.loads, kitumieni hicho.

Nimetaja uovu, na hapo ndipo pana chanzo cha dhuluma nyingine dhidi ya majina yetu. Katika lugha ya kuulizia hazina za data, SQL, koma ya juu ndiyo inayofunga na kufungua maandishi. Ukiingiza Mang'onyi bila uangalifu, programu hudhani jina limeishia Mang, na kinachofuata ni amri. Wezi wa mitandao hupenda sana mwanya huo. Dawa yake inajulikana miaka mingi: amri na data zipelekwe mbalimbali, kila kimoja kwa mlango wake. Lakini watengeneza mifumo wengine, kwa uvivu, wakachagua dawa ya kienyeji, wakakataza kialama chenyewe. Ndiyo maana mnajaza fomu kwenye kompyuta, mnaandika jina mlilopewa na babu, na fomu inawajibu kwa wekundu kwamba jina hilo "si sahihi". Wairland wenye akina O'Brien wanalia kilio hichohicho. Mimi husema wazi vikaoni, na wengine hawanipendi kwa hilo, kwamba mfumo usioweza kuandika ng'ombe haujamaliza kutengenezwa kwa matumizi ya Tanzania.

Maana kuondoa kialama ni kubadilisha neno. Kung'oa ni kutoa mti na mizizi yake. Ngoa, bila kialama, ni uchu au wivu. Mzee mmoja wa lugha atawaambia pia kwamba tatizo hili lina umri mkubwa kuliko kompyuta. Watu wa pwani walipoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, herufi moja, ghaini, iliweza kubeba gh, g, ng na ng' pia. Aliyesoma alitegemea kujua lugha na kujua habari inayozungumzwa. Aliyeijua lugha aling'amua, asiyeijua alibahatisha.

Kompyuta haijui habari inayozungumzwa, ndiyo maana kuna hasara moja ambayo hakuna chombo cha kuiponya. Programu ikikutana na baiti isiyoielewa, mwandishi wa programu anaweza kuiagiza iweke alama ya kuuliza mahali pake, au iiruke kimya kimya. Ukifanya hivyo utapata Mang?onyi au Mangonyi, na programu haitakugombeza tena, na bosi ataona kazi imekwisha. Lakini ile namba imekwenda. Ngâ€™ ni mgonjwa anayetibika. Alama ya kuuliza ni kaburi. Hapo linabaki jambo moja tu, kupanda ngazi kwenda masjala kutafuta jalada la karatasi lenye mkono wa mtu mwenyewe. Nimeshuhudia orodha ndefu ikirekebishwa hivyo, jina kwa jina, na makarani wawili waliokohoa vumbi wiki nzima.

Yule muuguzi hakufika huko, kwa kuwa baiti zake zilikuwepo zote. Hata hivyo, tulipokwisha kumng'amua, bado mifumo miwili ilikataa kwamba ni mtu mmoja. Upande mmoja alikuwa na koma iliyosimama, namba 39, na upande wa pili iliyopindwa. Kwa macho ya binadamu ni dada yuleyule. Kwa kompyuta 39 na 226-128-153 havijuani. Wengine hupiga hata ile alama iliyoinama iliyoko pembeni ya 1 kwenye kibodi, basi mnapata mtu wa tatu. Unicode nayo ina alama maalumu, U+02BC, iliyokusudiwa kwa lugha ambazo kialama hiki ni sehemu ya herufi, kama Kiswahili. Kwa haki hiyo ndiyo iliyotufaa, lakini hamtaiona kwenye kibodi ya kawaida, na sioni nani atakayeitafuta akiwa na foleni ya watu dirishani. Tulikubaliana na idara zote mbili kuchagua ile iliyosimama, namba 39, na kabla ya kulinganisha majina, programu huzigeuza zile nyingine ziwe hiyo. Mwisho wa mwezi ule alilipwa na malimbikizo yake.

Ndugu Mwenyekiti, naona unaangalia saa, na naisikia harufu ya pilau kutoka jikoni. Kwa wadogo zangu nimeacha maandishi haya ubaoni:

%48%61%6E%61%6E%67%27

Herufi ndogo zinaanza na a kwenye 97, kubwa zinaanza na A kwenye 65, na nyingine zinafuatana kama kwenye alfabeti. Kompyuta haihitajiki. Ni jina la mlima mnaoupita mkisafiri kwenda Babati, na wengi wenu mmekuwa mkiliandika bila alama yake ya mwisho. Atakayelipata aniletee karatasi yake pale mezani, yenye hesabu zote, maana jina tupu sitalipokea.